Mkono Unapopanda

Mume wangu aliuficha mkono wake wa kulia kwa wiki tisa, na mimi nilimsaidia kuuficha. Naanza na hilo, asije mtu akadhani nasimulia haya kama mtakatifu.

Niligundua asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa mezani nasahihisha daftari za kidato cha tatu, naye amekaa upande wa pili anakoroga chai. Kijiko kikagonga ukingo wa kikombe, kikagonga tena, kikaendelea kugonga muda mrefu baada ya sukari kuyeyuka. Nikainua macho nimwambie apunguze kelele. Kumbe alishaacha kukoroga. Alikuwa amekishika tu kijiko, na mkono unacheza wenyewe, naye anautazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Umeanza lini?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Usiniulize nini. Mimi si kipofu."

Akakiweka kijiko, akauteremsha mkono chini ya meza. "Uchovu tu, mwalimu. Utapita."

Nyumbani kwetu kila mtu ni mwalimu. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, huu mwaka wa ishirini na saba, na yeye ni mwalimu wa kwaya ya idara ya maji. Watoto walipokuwa bado hawajaoa na kuolewa walilalamika kwamba nyumba ya walimu wawili haina likizo. Kazi yake ya mshahara ni kusoma mita. Hutembea mtaa kwa mtaa na kulabu ya chuma ya kuinulia mifuniko, tochi mfukoni, daftari kwapani, na mbwa wamemzoea hata hawajisumbui kubweka. Lakini watu hawamjui kwa mita. Wanamjua kwa kwaya, na kwenye kwaya jina lake ni Mkono.

Jina lina sababu. Kwaya yao haina kinanda wala ngoma. Ni watu ishirini na wanane, mafundi bomba, makarani, wasoma mita, wanaoimba baada ya kazi ndani ya stoo ya mita mbovu, zimepangwa mpaka darini. Yeye huwapa sauti kwa kuivumisha puani, kisha huinua mkono wa kulia. Na hapo kuna sheria moja aliyoiweka tangu siku ya kwanza: hakuna kuvuta pumzi kabla mkono haujapanda. Pumzi ni ya mkono, husema. Ukipanda, wote mnavuta. Ukishuka, wote mnaingia. Aliyevuta mapema anatoka nje, anasimama mlangoni mpaka wimbo uishe. Nimewahi kumwona mkuu wa idara mwenyewe, aliyejiunga na besi kwa mwezi mmoja, amesimama nje na tai yake shingoni, ametulia tuli kama mtoto wa chekechea.

Mimi siimbi. Sauti yangu ni ya kuita majina darasani. Lakini kila Jumanne na Alhamisi huwa nakaa kule nyuma, juu ya kreti, na daftari zangu mapajani. Na kwa miaka yote hiyo sijauona mkono ule ukipanda bila mimi pia kuvuta pumzi. Ni mazoea tu, kama mtu anayepiga miayo kwa sababu mwenzake kapiga.

Jioni ya siku ile ya kijiko nilimwambia twende hospitali Jumatatu. Akasema, "Unaikumbuka saa ya ukutani?"

Niliikumbuka. Mwalimu wa kwaya aliyemtangulia masikio yalianza kumsaliti. Akafanya kama watu wenye akili zao: akaenda kwa daktari, akapewa cheti, akakipeleka ofisini. Idara ikamshukuru kwa hotuba nzuri na saa ya ukutani, na kwaya akakabidhiwa msaidizi wake, ndiye mume wangu. Yule mzee hakukanyaga tena stoo. Kila mwezi mume wangu huingia uani kwake kusoma mita, na kupitia dirishani huiona ile saa inavyokwenda, na mzee kakaa chini yake hafanyi kitu.

"Nikimpelekea daktari mkono huu, ataandika," akasema. "Akiandika, ofisini watasoma. Wakisoma, nitanunuliwa saa."

"Na usipoupeleka?"

"Nipe mpaka redio. Baada ya redio nipeleke unakotaka, hata kwa machela. Ila usimwambie mtu."

Redio ilikuwa imewaandikia barua. Waliitaka kwaya iimbe studio, moja kwa moja hewani, nyimbo tatu, wiki tisa baadaye. Hawakuwahi kupata kitu kama hicho. Barua ilikuwa imetolewa nakala ikabandikwa kila ofisi ya idara, hata mlango wa choo cha mafundi.

Nikaapa. Methali ya mficha maradhi naijua, tena nimeisahihisha kwenye insha za watoto mara zisizo na idadi. Lakini methali ni rahisi kama hujaolewa na mgonjwa.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuhesabu. Asubuhi, akifunga vifungo vya shati, nahesabu moyoni, kimoja kimoja. Wiki ya kwanza kifungo cha juu kilimchukua hesabu ya kumi na moja. Wiki ya tatu, kumi na tisa. Wiki ya nne akaanza kuvaa fulana. Nilimsikia bafuni anaangusha mswaki, nikajifanya sikusikia. Tarakimu za daftari lake la mita zilianza kupinda, nane ikawa kama mdudu aliyekanyagwa, na mimi kila jioni nikawa nazinakili upya kwenye daftari safi, kwa kuiga mwandiko wake wa zamani. Mwalimu mzima, mwenye kuwapa watoto adhabu kwa kunakiliana. Niliogopa sana, na kwa kuwa sikuruhusiwa kumwambia mtu, woga wangu uligeuka hasira. Niliwafokea wanafunzi. Niligombana na muuza gesi. Nilimfokea hata yeye, kwa makosa madogo madogo, kwa sababu lile kubwa tulikubaliana tusilitaje.

Wiki hiyohiyo ya nne, kidato cha tatu walikuwa wanasoma habari fulani kitabuni, ya mwanamke aliyepoteza kazi lakini akabaki "upbeat". Binti mmoja wa dawati la mbele, mbishi kweli, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hili neno lina kupiga ndani yake, na lina juu. Aliyepigwa ni nani?"

Darasa likacheka. Nikampa jibu ninalolitoa miaka yote: maana yake ni mtu mwenye matumaini, mchangamfu, asiyekata tamaa.

"Maana nimeelewa, mwalimu. Nauliza limetoka wapi."

Sikujua. Miaka ishirini na saba nimeliandika ubaoni, nimelitungia sentensi, na sikuwahi kujiuliza. Nikamwambia nitamjibu kesho, kengele ikalia, nami nikaenda moja kwa moja ofisi ya walimu, kwenye ile kamusi kubwa iliyofungwa mgongo kwa gundi ya karatasi. Nilisoma nimesimama.

Ilisema ni neno la wanamuziki. Katika kuhesabu wimbo kuna pigo zito, lile la kwanza, ambalo mkono wa kiongozi hushuka nalo. Na kuna pigo jepesi kabla yake, ambalo mkono hupanda. Hilo la kupanda ndilo neno lenyewe. Kwa muda mrefu halikuwa na maana nyingine. Ni karne iliyopita tu watu walipoanza kulitumia kwa mambo yanayoelekea kuwa mazuri, kisha kwa mtu mwenye moyo wa hivyo.

Nikakaa. Mwalimu wa hisabati akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia hapana, nasoma kamusi. Akanitazama kwa huruma.

Kitu kilichonikalisha si elimu. Ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa nyumbani kwangu siku zote. Nimelitazama kila Jumanne na Alhamisi nikiwa nimekaa juu ya kreti. Mkono unapanda, na hapo hakuna kilichoimbwa bado. Hujui kama wimbo utatoka mzuri au utaharibika. Kilichopo ni watu wameshavuta pumzi, basi. Waingereza wakatazama hapo wakasema, mtu mwenye matumaini ni huyu. Na mkono wa nyumba yangu sasa ulikuwa haupandi bila kutetemeka.

Nilimweleza jioni, anavua viatu. Alisikiliza mpaka mwisho, maana chochote cha muziki hukisikiliza.

"Kwa hiyo kwao matumaini ni kupandisha mkono tu?"

"Kabla ya sauti yoyote."

Akacheka kidogo. "Basi wangeniuliza. Mimi siku hizi ukipanda ni woga mtupu, mwalimu. Naupandisha huku naomba usinitie aibu. Hicho nacho kamusi inakiitaje?"

Nilimsaidia kufungua kamba za kiatu cha pili, na yeye akaniachia, jambo ambalo hajawahi kulikubali.

Alhamisi iliyofuata ndipo mambo yalipofika pabaya. Alikuwa na ujanja wake. Alishika penseli ili vidole vipate kazi. Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto nyuma ya mgongo mpaka dakika ya mwisho, kisha anaupandisha haraka na kuushusha haraka. Kuanza walikuwa wanaanza, kwa kuyumba kidogo. Shida ilikuwa mwisho wa wimbo, pale anapotakiwa kuushika mkono hewani ili wao washike sauti. Mkono ulikaa juu ukawa unatikisika, penseli inachora hewani. Na sauti ya pili, wale akina mama makarani, wakaanza kuitikisa sauti. Ikafuata sauti ya kwanza. Mwisho besi nayo, mafundi bomba wazima, wenye vifua kama mapipa, wanatetemesha koo kama mbuzi.

Akawakatisha. "Mbona mnatetemesha? Nani kawaambia mtetemeshe?"

Mita zote zile ukutani zinatutazama. Kisha akajibu Mzee Pampu, mwendesha pampu wa idara na besi wa zamani kuliko wote, mtu anayeongea taratibu kwa sababu amezoea kusubiri matangi yajae.

"Tunafuata mkono, mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sheria waliyofundishwa: kinachofanywa na mkono, ndicho kinachofanywa na koo. Watu ishirini na wanane wakautazama mkono wa mume wangu, naye akauingiza mfukoni pamoja na penseli. Nikasema moyoni, sasa atasema, na liwalo na liwe.

"Ni mtindo mpya," akasema. "Ila mmezidisha. Punguzeni."

Wakaitikia, ndiyo mwalimu. Na kuanzia hapo, jamani, wakawa wanaufanyia mazoezi ule mtetemo. Kwa bidii. Mama Risiti, karani wa dirishani, anayeongoza sauti ya kwanza, alikuwa anawafundisha wenzake namna ya kuutoa tumboni. Mume wangu alisimama mbele yao akiusikia ugonjwa wake unaimbwa kwa sauti nne, na hakuweza kuwaambia waache. Njia ya mwongo ni fupi, na sisi tulikuwa tumeshafika mwisho wake, tumesimama tu hapo.

Wiki ya sita nilivunjika. Nilitoka shule mapema, nikaenda nyumba ya pampu, nimedhamiria kumwambia Mzee Pampu kila kitu. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pampu inanguruma nyuma yake, mikono imejaa grisi. Akanikaribisha ndoo nyingine.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri."

"Mwalimu mzima?"

"Mzima."

"Na mkono, mzima?"

Nilikuja kwa ajili ya swali hilo. Lilikuwa limewekwa mbele yangu, ninachotakiwa ni kulijibu. Nikaona ile saa ya ukutani, nikamwona mume wangu amekaa chini yake.

"Mzima," nikasema.

Mzee Pampu akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Vizuri. Maana huu mtindo mpya unatuuma koo, mama. Sisi watu wazima."

Nikaaga. Njiani nilijiita kila jina baya ninalolijua, kwa lugha zote mbili.

Siku ya redio ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Studio ilikuwa chumba kidogo kilichofunikwa zulia mpaka ukutani, hakina dirisha, ila kioo kimoja kikubwa, na nyuma ya kioo amekaa mtu wa redio na masikio yake ya kuvaa kichwani. Juu ya kioo kulikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, akatuambia, kila kitu kinasikika, hata kiatu. Kwaya ikajipanga safu tatu, bega kwa bega, jasho limeshaanza. Mimi niliruhusiwa kusimama kwenye kona, kwa masharti kwamba nisikohoe.

Mume wangu alikuwa amevaa suti. Shati la vifungo, nilimfunga mimi. Penseli aliisahau nyumbani, au aliiacha, sijui mpaka leo.

Mtu wa redio akahesabu kwa vidole kutoka nyuma ya kioo. Taa ikawaka. Mume wangu akavumisha sauti puani, wakaipokea kimya kimya. Kisha akaupandisha mkono.

Sijawahi kuuona vile. Nyumbani ulikuwa unatetemeka. Pale ulikuwa unarukaruka, kuanzia kiwiko, na mkono wa koti unatikisika nao. Alijaribu kuushusha aanze, ukamgomea. Ukakaa huko juu. Alikuwa hajui ataushushaje bila kuufanya uwachanganye, nilimwona usoni kwamba hajui. Nyuma ya kioo mtu wa redio akaanza kuzungusha kidole, endelea, endelea. Ukimya hewani ni kama maji yanayomwagika, hauzoleki. Nikaegemea zulia la ukutani.

Nikawatazama wale ishirini na wanane. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anautazama mtetemo. Walikuwa wameinua vifua. Mkono ulipanda, wakavuta pumzi, wote, kama sheria inavyosema, na pumzi ikawajaa, na nikaona Mzee Pampu anafumba macho.

Wakaingia.

Pamoja, mama yangu. Neno la kwanza lilitoka kama mlango mmoja unaofunguliwa. Mkono wa mume wangu ulikuwa bado juu, ukashuka nyuma yao, ukawakuta njiani, na kutoka hapo ukaenda nao. Na ilipofika ile sauti ya mwisho ya kushikilia, mkono ukabaki hewani unatikisika mbele ya macho yao, na wao wakaishika sauti ikiwa imenyooka. Hapakuwa na mtetemo hata chembe. Ule mtindo mpya waliouhangaikia kwa wiki nne waliuacha mlangoni.

Nilimwona anawasikiliza. Nilimwona anaelewa kwamba wanajua. Nyimbo mbili zilizobaki aliziongoza machozi yanamtoka, bila kuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na kazi na mwingine aliusahau.

Taa ilipozimika tulitoka tukasimama kwenye korido. Mume wangu akaanza.

"Mkono wangu ni mgonjwa."

"Tunajua, mwalimu," akasema Mama Risiti.

"Tangu lini?"

"Mwanzoni tulikuwa hatujui. Tulidhani mtindo kweli." Akanitazama mimi. "Ila Mzee Pampu alimwuliza mama."

Nikasema, "Nilimjibu mzima."

"Ulinijibu mzima," akasema Mzee Pampu, "lakini ulikuwa umetoka shule saa za kazi kuja kuniambia hivyo. Mtu hafungi safari kuja kusema fulani mzima."

Basi wakatueleza. Jumatano tatu walikutana nyumba ya pampu, pampu ikizimwa kwa nusu saa, wakafanya mazoezi bila yeye. Mume wangu aliposikia hilo uso ulimbadilika. Nilijua anachofikiria, maana nilikifikiria kabla yake.

"Kumbe mnaweza bila mimi," akasema.

"Tungeweza tungekupumzisha," akasema Mzee Pampu. "Tulijaribu kuanza bila mkono. Kila mtu akavuta pumzi kwa wakati wake, ikawa fujo tupu. Tukamwambia Mama Risiti ainue fagio. Fagio likapanda vizuri, limenyooka, halitetemeki. Tukacheka mpaka wimbo ukafa. Basi tukakubaliana hivi: wewe upandishe tu. Hata ukipanda unacheza, umepanda. Tukishavuta, pumzi ya mtu mzima tunaujua urefu wake, ikijaa tunaingia. Kushusha tutakusaidia."

Mume wangu akautazama mkono wake. Alikuwa ameusahau nje, mbele ya watu, unatikisika, na hakuuingiza mfukoni.

"Na ofisini?" akauliza.

"Ofisini watasoma watakachosoma," akasema Mama Risiti. "Karatasi za kununulia saa za ukutani zinapita kwanza dirishani kwangu. Nitazikataa."

Walicheka. Yeye hakucheka, lakini alinigeukia akasema, "Jumatatu," na mimi nikaelewa.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi la hospitali kuanzia saa mbili. Nilikuwa nimekuja na daftari za kidato cha tatu nisahihishe, sikusahihisha hata moja. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilikuwa nimesubiri siku hii wiki tisa, nimeigombania, na sasa kama angesema turudi nyumbani ningebeba mkoba wangu nikamfuata mbio. Nilijua yale magonjwa yanayoanza kwa kutetemeka. Nilikuwa nimeyasoma yote, kwa siri, hadi majina yake kwa Kiingereza, na yalikuwa ya aina nyingi, mengine madogo tu na mengine ya kumaliza nyumba.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mtoto wetu wa mwisho, ana kalamu mbili mfukoni na sauti ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliuliza maswali, akaandika. Alimwambia afunge kifungo na kukifungua. Alimwambia agusanishe vidole. Alimwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Mimi nilikuwa naitazama kalamu yake kila ikigusa karatasi.

"Ni mkono upi hasa, baba?"

"Wa kulia."

"Hebu uinue. Mbele, usawa wa bega. Uuache hapo hapo nautazama."

Mume wangu alinitazama. Tangu Jumamosi ile ya kijiko alikuwa hajaninyooshea mkono ule hata mimi, akiwa macho, kwa hiari yake. Akakunja mkono wa shati. Akauinua, taratibu, bila kuushika na mwenzake, ukawa unatetemeka mbele ya mtu mgeni mwenye kalamu, naye akauacha utetemeke. Daktari akasogeza kiti. Akainamisha kichwa kuutazama vizuri.

Na mimi pale kwenye kiti cha plastiki, na daftari zangu mapajani, nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, nikaishika, nikisubiri ushuke.